Kanuni Moja, Bei Mbili: Yaliyowakuta Wachanganyaji wa Vepu Marekani Yanatuhusu



Kwenye magrupu yetu mjadala ni uleule kila wiki. Serikali inatuambia tujiajiri. Tukijiajiri, tunakutana na mlolongo wa vibali mpaka mtaji unaishia kwenye nauli na fotokopi. Hapo wanajitokeza watu wa aina mbili. Wa kwanza wanasema futa kanuni zote, kila mtu afanye anachoweza. Wa pili wanasema kanuni ni kanuni, anayeshindwa kuzifuata afunge biashara akalime.

Mimi naona wote wawili wanaruka swali lenyewe. Swali ni hili: kanuni hii inagharimu shilingi ngapi, na nani hasa anailipa?

Ili tulijibu bila kelele, leo nitawapeleka Marekani, kwenye biashara ambayo wengi wetu hata hatuipendi: maji ya sigara za kielektroniki, zile ambazo vijana mjini wanaziita vepu. Nimeichagua makusudi. Kwanza, bidhaa yenyewe ina hatari, kwa hiyo hakuna atakayesema nachagua mfano mwepesi wa maandazi. Pili, serikali ya kule ilikaa chini, ikapiga hesabu ya gharama ya kanuni yake na kuichapisha. Tatu, miaka imepita na matokeo yapo mezani. Tukishayaona, tunarudi nyumbani.

Tuelewane mapema: simtumi mtu akavute. Nikotini inashika, na kijana ambaye havuti hana sababu hata moja ya kuanza. Ninachojadili ni nani anabaki sokoni baada ya serikali kuandika kanuni.

Biashara ya kuchanganya na kufunga kwenye chupa

Maji ya vepu yana vitu vinne vikubwa: propilini glaikoli, gliserini, ladha na nikotini. Unapima, unachanganya, unatia kwenye chupa, unabandika lebo. Anayejua kutengeneza sabuni ya maji hapa kwetu, kwa salfoniki, slesi, chumvi, rangi na manukato, angeielewa kazi hii haraka sana. Ndiyo maana ilivutia watu wa mtaji mdogo. Wengi walikuwa wavutaji waliokuwa wanajaribu kuacha sigara. Wakaanza kujichanganyia wenyewe, wakauzia marafiki, wakafungua kiduka. Maduka mengi yalichanganya palepale nyuma ya kaunta, mteja anachagua ladha na kiwango cha nikotini.

Je, kulikuwa na matatizo? Yalikuwepo, tena ya kweli. Kuna chupa zilizoandikwa kiwango kimoja cha nikotini na ndani kuna kingine. Na nikotini ya maji ni sumu kwa mtoto mdogo akiinywa.

Angalia sasa jinsi tatizo hilo la mwisho lilivyoshughulikiwa. Januari 2016 Rais Obama alisaini sheria inayotaka kila chupa ya nikotini ya maji iwe na kifuniko ambacho mtoto mdogo hawezi kukifungua kirahisi. Basi. Mkubwa ananunua chupa za aina hiyo kwa kontena, mdogo ananunua kwa katoni, na wote wanaendelea na kazi. Hatari inajulikana, dawa yake inajulikana, gharama inabebeka. Hiyo ni kanuni ambayo hata mimi, mpenda biashara ndogo, naiunga mkono kwa mikono miwili.

Mambo yaliharibika miezi michache baadaye.

Faili la dola laki moja

Mei 2016, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba vepu zote na maji yake yataingizwa kwenye sheria ya tumbaku ya mwaka 2009. Kanuni ikaanza kazi tarehe 8 Agosti 2016. Kuanzia siku hiyo hakuna bidhaa mpya kuingia sokoni bila idhini. Zilizokuwepo tayari zilipewa muda, lakini nazo lazima zipeleke maombi. Duka linalochanganya nyuma ya kaunta nalo likahesabiwa kuwa mtengenezaji, sawa na kiwanda.

Kulikuwa na msamaha mmoja tu. Bidhaa iliyokuwa sokoni tarehe 15 Februari 2007 haihitaji kuomba. Sasa jiulize, Februari 2007 nani alikuwa anauza maji ya vepu Marekani? Biashara hiyo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuingia. Sigara za moshi, hata hivyo, zilikuwepo kwa wingi. Kwa hiyo pakiti ya sigara, bidhaa ambayo serikali hiyohiyo inasema inaua Wamarekani zaidi ya 480,000 kila mwaka, ikaendelea kukaa kwenye rafu bila kujaza fomu. Kichupa cha yule jamaa wa kaunta ndicho kikaambiwa kithibitishe.

Na kuthibitisha ni nini? Mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba bidhaa yake inafaa kwa ulinzi wa afya ya jamii nzima: wanaovuta, wasiovuta, wanaoacha na wanaoweza kuanza. Unahitaji maabara ya kemikali, wataalamu wa sumu, takwimu za watumiaji, wanasheria wa kupanga faili. FDA yenyewe ilikadiria kwamba maombi ya maji ya vepu yangegharimu wastani wa zaidi ya dola 100,000 kwa bidhaa moja. Ukikadiria dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 250. Kwa kifaa cha kuvutia makadirio yalikuwa zaidi ya dola 400,000.

Kumbuka neno "bidhaa moja". Kila ladha ni bidhaa yake. Kila kiwango cha nikotini ni bidhaa yake. Jamaa mwenye ladha 10 kwa viwango 4 tayari ana bidhaa 40. Hata akiunganisha mafaili yake ili apunguze gharama, bado yuko kwenye mamilioni ya dola kwa biashara inayoendeshwa na watu watano.

Hebu tupige hesabu ya dukani. Chukua dola 100,000. Mtengenezaji anayeuza chupa 5,000 anabeba dola 20 juu ya kila chupa. Anayeuza chupa milioni 5 anabeba senti mbili. Kanuni ni ileile, fomu ni ileile. Lakini kwa mmoja ni hukumu ya kifo, kwa mwingine ni chenji ya kahawa.

Ndiyo maana huwa nashangaa watu wakisema kanuni ikiwa sawa kwa wote ni haki. Ukiwaambia tembo na panya kila mmoja abebe gunia moja la mahindi, umewapa mzigo sawa, ni kweli. Njoo uangalie nani amefika.

Tena FDA ilijua kuna wadogo. Ilitamka kabisa kwamba mtengenezaji mdogo ni yule mwenye wafanyakazi wasiozidi 150 na mapato yasiyozidi dola milioni 5 kwa mwaka, ikawaongezea muda kwenye baadhi ya mambo. Muda waliongezwa, ila ushahidi uliotakiwa haukupungua. Mtu akidaiwa asichoweza kulipa, ukimwongezea miezi sita unachelewesha msiba tu.

Nani alibaki

Tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi ilisogezwa mara kadhaa mpaka mahakama ikalazimisha iwe tarehe 9 Septemba 2020. Siku ilipofika, kampuni zaidi ya 500 zilikuwa zimepeleka maombi ya bidhaa zaidi ya milioni 6. Wadogo walijitahidi, walichangishana, wengine walituma walichokuwa nacho.

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2021, FDA ilikuwa imekataa bidhaa za ladha zaidi ya 946,000. Sababu kubwa: hamkuleta ushahidi wa kutosha kwamba ladha zenu zinawasaidia watu wazima kuacha sigara kuliko zinavyowavuta watoto. Ushahidi uliotajwa ni wa majaribio ya kitaalamu, au kuwafuatilia watumiaji kwa muda mrefu. Watengenezaji wakalalamika kwamba kabla ya hapo mamlaka ilikuwa imeashiria kuwa tafiti za muda mrefu huenda zisihitajike.

Tarehe 12 Oktoba 2021 ikatoka idhini ya kwanza kabisa ya vepu. Ilikwenda kwa Vuse Solo, ya R.J. Reynolds, kampuni iliyo chini ya British American Tobacco. Ndiyo, watu wa sigara. Mwaka 2022 ikapitishwa NJOY Ace. Mwaka 2023 Altria, wenye Marlboro, wakainunua kampuni ya NJOY. Julai 2025 ikapitishwa Juul. Kufikia hapo bidhaa zilizoruhusiwa zilikuwa 39, zote za kampuni chache zenye mitaji mikubwa, na zote ni vifaa na katriji zake. Hakukuwa na hata chupa moja ya maji ya kujaza mwenyewe, ile bidhaa ya mchanganyaji mdogo.

Wadogo walikwenda mahakamani. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa yenye makao New Orleans ilikubaliana nao, ikasema FDA iliwazungusha waombaji bure na kubadili masharti njiani. Lakini tarehe 2 Aprili 2025 Mahakama ya Juu, kwa majaji wote tisa, ikasema mamlaka haikuvunja sheria kwa namna hiyo, ikarudisha kesi chini kwa hoja iliyobaki. Sisi wa chama tulizoee hili: jambo linaweza kuwa halali kisheria na bado likawa sera mbovu. Mahakama inapima sheria. Bei inapimwa na wananchi.

Jambo lingine la kuweka akilini: ile sheria ya 2009 iliyozaa yote haya iliungwa mkono na kampuni mama ya Philip Morris, ambayo ndiyo Altria yenyewe. Kampuni kubwa kuliko zote ya sigara Marekani iliunga mkono sheria ya kudhibiti sigara. Mwenye uzio mrefu hana tatizo na amri ya kila mtu ajenge uzio.

"Lakini watoto walikuwa wanaangamia"

Hii ni hoja nzito na siwezi kuikwepa. Mwaka 2019 utafiti wa serikali ya Marekani ulionyesha asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu walitumia vepu. Mzazi yeyote angeogopa. Mwaka 2024 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 7.8. Anayetetea kanuni ana haki ya kuweka takwimu hiyo mezani, na mimi naifurahia.

Ila tuulize, lile wimbi la 2018 na 2019 lilibebwa na nani? Jina lililokuwa midomoni mwa wazazi na wabunge wa Marekani lilikuwa Juul, kampuni ya San Francisco. Desemba 2018 Altria walitoa dola bilioni 12.8 kununua asilimia 35 ya kampuni hiyo. Juul ndiyo iliyosukumwa na mtaji mkubwa, na Juul ndiyo iliyo na idhini leo. Yule wa kaunta, anayemuuzia mvutaji wa miaka hamsini kichupa cha kujaza, alipotea njiani. Ukiniambia kanuni ililenga aliyewapotosha watoto, nionyeshe ni wapi ilimpata.

Kuna na ule ugonjwa wa mapafu wa 2019. Watu 2,807 walilazwa au kufariki, na waliofariki walikuwa 68 kufikia Februari 2020. Ulipochunguzwa, kisababishi kikuu kikaonekana ni mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vepu za bangi, nyingi zikiwa zimepatikana kwa wauzaji wa vichochoroni. Hapo kuna somo la kutisha. Chupa isiyosajiliwa haikaguliwi na mtu. Ukiweka bei ya mlango wa mbele juu kiasi kwamba mtu wa kawaida hafiki, mlango wa nyuma unafunguka wenyewe. Na ndivyo ilivyokuwa: miaka iliyofuata maduka ya Marekani yalijaa vepu za kutupa kutoka China, za ladha zote zilizokatazwa, zisizo na idhini yoyote. Mchanganyaji wa ndani anayejulikana jina na mtaa alifungiwa. Muuzaji asiyejulikana akaingia.

Uingereza walichagua njia nyingine. Mwaka 2016 waliweka masharti yaliyo wazi: nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita, chupa ya kujaza isizidi mililita 10, na mtengenezaji aandikishe bidhaa yake pamoja na viambato vyake kabla ya kuuza. Vipimo vya maabara vinagharimu, na wapo waliolalamika. Lakini mtu anajua mapema mstari uko wapi, anatimiza, anauza. Hawamdai kila mwenye kiduka athibitishe mustakabali wa afya ya taifa zima.

Sasa turudi nyumbani

Najua kuna anayeuliza: sisi na vepu wapi na wapi? Ondoa nikotini kwenye hiyo chupa, weka sabuni ya maji, juisi ya ukwaju, siagi ya karanga, mvinyo wa rozela, mafuta ya nazi. Hesabu inabaki ileile.

Chukua kikundi cha vijana watano wa sabuni. Pengine wamepewa mafunzo na halmashauri. Pengine wamepata ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia nne ikiwa ya vijana, mkopo uliosimamishwa mwaka 2023 ukarudishwa 2024. Wametengeneza, sabuni ina povu zuri, majirani wameipenda. Duka la jumla likisema "leteni yenye alama ya TBS", safari ndiyo inaanza. BRELA kwa jina la biashara. TRA kwa TIN. Halmashauri kwa leseni. TBS kwa ubora. Mkemia Mkuu wa Serikali ana lake kwenye kemikali. OSHA kwa usalama mahali pa kazi. Zimamoto. Wakala wa Vipimo kwa ujazo wa chupa. Kila mmoja ana fomu yake, mkaguzi wake na ofisi yake.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ada, vipimo, nauli na siku za kazi zilizopotea vinafika shilingi 600,000 kwa mwaka. Kikundi kinachouza chupa 300 kwa mwezi kinabeba karibu shilingi 167 kwenye kila chupa. Kiwanda kinachouza mara mia zaidi yao hakifikishi shilingi mbili kwa chupa. Halafu vinakutana kwenye rafu moja, mteja anaangalia bei, na sisi tunaambiwa vijana wa Kitanzania hawajui biashara.

Serikali ya CCM haiwezi kusema hailijui tatizo. Ililiandika yenyewe. Mwaka 2018 ulipitishwa mpango wa kuboresha mfumo wa udhibiti wa biashara, huu unaoitwa MKUMBI, na utekelezaji ukaanza Julai 2019. Ndani yake kumekiriwa kwamba taasisi ni nyingi, majukumu yanaingiliana, na gharama zinawaumiza wafanyabiashara. Bajeti ya 2019/20 ikatangaza kufuta au kupunguza tozo 54. Mwaka huohuo chakula na vipodozi vikatolewa iliyokuwa TFDA na kupelekwa TBS, ili mtu asihangaike na milango miwili kwa bidhaa moja.

Tuwe wakweli, hizo zilikuwa hatua za maana. Na TBS ina utaratibu ambao vijana wengi hawaujui: mjasiriamali mdogo akipata barua ya utambulisho ya SIDO anaweza kuanza safari ya alama ya ubora bila kulipia. Kama una kikundi, usiache kuiomba barua hiyo. Ni haki yako, usisubiri chama kishike dola.

Lakini msamaha wa taasisi moja hauondoi mzigo wa taasisi saba. Na msamaha unaotegemea barua unamsaidia aliye karibu na ofisi inayoitoa. Aliye Kakonko au Liwale anahesabu nauli kwanza.

Upo na ugonjwa wa pili, wa kubadilisha masharti ghafla. Mnakumbuka viroba. Februari 2017 Waziri Mkuu alitangaza marufuku ya pombe kwenye vifuko vya plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi. Sababu zilikuwa nzuri: vijana walikuwa wanalewa kwa bei ya chee, na vifuko vilijaa kwenye mitaro. Mimi sikulilia viroba. Ila angalia nani aliumia vipi. Mwenye mtambo wa chupa alihamia kwenye chupa, maisha yakaendelea. Aliyeweka mtaji wote kwenye mashine ya vifuko alibaki na chuma chakavu na mkopo wa benki. Ukitaka kulinda vijana, unaweza kuwalinda kwa notisi ya mwaka mmoja na ratiba inayojulikana. Haraka ile haikuongeza ulinzi, iliongeza tu idadi ya waliofilisika.

Na zipo stempu za kodi za kielektroniki zilizoanza Januari 2019 kwa sigara na vileo, kisha zikaenda kwenye vinywaji vingine. Kuziba mianya ya kodi ni jambo jema. Lakini stempu ina gharama, na gharama hiyo analipa mzalishaji juu ya kodi yenyewe. Kwa kinywaji cha bei ya juu haionekani. Kwa kinywaji cha bei ya chini cha mzalishaji mdogo, inakula faida ileile aliyokuwa anaitegemea kununua mashine.

Tunadai nini

Chama cha upinzani kinacholalamika tu kinachosha. Kwa hiyo haya ndiyo napendekeza jumuiya yetu ya vijana iyabebe, kuanzia kwenye vijiwe mpaka bungeni.

Moja, bei kabla ya kanuni. Kila kanuni mpya inayomgusa mzalishaji itoke pamoja na karatasi fupi, kwa Kiswahili, inayosema itamgharimu kiasi gani mwenye mtaji wa milioni 2 na mwenye mtaji wa bilioni 2. Wamarekani walikosea mengi, lakini angalau hesabu waliichapisha, ndiyo maana leo mimi naweza kuwakosoa kwa namba zao wenyewe. Sisi tunasoma tangazo, bei tunaijua mkaguzi akishafika.

Mbili, ada zipande kwa ngazi ya mauzo. Tayari TRA inawapanga wafanyabiashara wadogo kwa mauzo yao ya mwaka. Ngazi hizohizo zitumike kwa OSHA, Zimamoto, TBS na wengine. Mwaka 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wamachinga wenye mauzo yasiyozidi milioni 4. Utekelezaji wake ulilalamikiwa sana, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliolalamika. Lakini wazo la malipo moja, kadi moja, usisumbuliwe tena, lilionyesha kwamba jambo hili linawezekana serikali ikitaka.

Tatu, masharti yafuate hatari. Nikotini, dawa, pombe kali na chakula cha watoto vibanwe, tena sana. Batiki na sabuni ya kudekia visitiwe kwenye foleni hiyohiyo. Na pale hatari inapojulikana, iandikwe wazi kama kile kifuniko cha chupa: fanya hiki na hiki, ukimaliza umemaliza.

Nne, ukaguzi mmoja. Wakaguzi waje siku moja na fomu moja, wagawane taarifa huko ofisini kwao. Kuunganisha mifumo ni kazi ya serikali. Isiwe kazi ya binti wa sabuni kuzunguka na bahasha.

Tano, jibu kwa tarehe. Ofisi ikipokea maombi ya bidhaa ya hatari ndogo itoe risiti yenye siku ya mwisho ya kujibu. Siku ikipita bila jibu, mwombaji aendelee na kazi mpaka atakapoambiwa vinginevyo kwa maandishi.

Hakuna hata moja hapo linaloondoa usalama wa mlaji. Mama anayenunua juisi Mbagala ana haki ya kujua haitamuua mwanawe, na haki hiyo hatuigusi. Tunachokataa ni kulipia usalama huo kwa kuwafuta wadogo wote na kuwaachia soko wenye mitaji, halafu tunaitwa kwenye semina nyingine ya kutengeneza sabuni.

Kazi ya wiki hii ni nyepesi. Kama unazalisha chochote, andika orodha ya taasisi ulizopitia, ada ulizolipa na siku ulizopoteza, ukiwa na risiti ni bora zaidi. Mpelekee katibu wa vijana wa kata yako. Wakifika kuomba kura wakatuambia wametuwekea mazingira wezeshi, tuwawekee mezani hizo risiti.

Mapambano yanaendelea.